Karatasi Chini ya Kitambaa cha Keki

Halden Creek, Iowa
Machi 1952

Kaka mpendwa Torvald,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini wewe, Inga na watoto mmeivuka theluji salama. Sisi wazima wa mwili, ila moyo wangu haujatulia.

Yale makaratasi ya Baba ya enzi za ubunge, tuliyoyapeleka maktaba baada ya mazishi, yanapotea. Bibi Dunleavy, mtunzaji wa maktaba, anasema kila Alhamisi jalada moja linapungua. Mimi papo hapo nilimnyooshea kidole Pruitt, yule kijana wa chuo anayeandika kitabu juu ya Baba. Maswali yake hayaishi, tena havui koti hata jiko la kupashia chumba joto likiwaka. Nikamwuliza Bibi Dunleavy, mtu asiye na cha kuficha atajichemsha hivyo kwa nini? Akakubali, akasema Jumatatu kamati ya maktaba itamfukuza na kukiarifu chuo chake. Kijana atakuwa amekwisha.

Alhamisi nikaenda kumvizia, nikajibanza nyuma ya rafu na gazeti langu. Mara Mama akaingia na kikapu cha keki, kama ilivyo desturi yake. Kwa vile chakula ni marufuku kwenye chumba cha makaratasi, Bibi Dunleavy akatoka kwenda kula ukumbini, na Pruitt, mlafi wa ajabu, akamfuata. Mama akabaki peke yake. Akafungua sanduku la makaratasi ya Baba, akachomoa karatasi, akazifunika kwa kitambaa cha keki.

Torvald, nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani nikambana. Kwanza alinuna, akasema hizo si za Baba, ni zake. Kisha akalia. Hotuba zote za Baba aliziandika yeye, hata ile iliyompa Baba jina, ya kuwanyima wanawake kura. Baba aliagiza, Mama akaandika, na siku ya hotuba Mama alikaa juu kwenye roshani ya bunge akiwasikia wabunge wakiyapigia makofi maneno yake. Anaona aibu hata leo. Anasema afadhali aitwe mwizi kuliko Pruitt autambue mwandiko wake.

Nikamwambia basi mtoto wa watu ataangamia kwa aibu yake Mama na kwa mdomo wangu mimi. Leo asubuhi amezitoa karatasi zote alizozificha, akaziweka mezani, akaniomba niiandikie kamati maelezo kwa niaba yake. Nimekataa. Nimempa kalamu, nikamwambia safari hii aandike na jina lake chini.

Bado anaandika. Msalimie Inga, na watoto uwabusu.

Dada yako,
Ragna