Yai na Shuka Lake

Mdogo wangu,

Huna adabu. Nimeanza hivyo kwa makusudi, na ukitaka kuikunja barua hii uikunje sasa, ingawa najua hutaikunja, maana udaku umekujaa tangu utotoni. Mjukuu wetu anakuandikia kwa heshima zake zote, Bibi Mdogo njoo unifundishe kupiga sosi, nawe unamjibu mistari miwili kama mtu anayemfukuza muuza sabuni mlangoni. Eti mkono wako ulikufa zamani, eti una mkosi, amtafute mwingine. Mkosi gani? Mama yetu angekuwa hai angekuvuta sikio na hizo mvi zako.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Goti la kushoto bado linakusumbua au limehamia la kulia? Na paka wako wa jicho moja, bado ndiye anayekupangia saa za kulala? Cherehani nayo natumaini haijakuchoka. Sisi huku wazima, ila macho yangu na kiuno, na hivyo sivilalamikii, nashangaa tu vilivyofika pamoja kama wageni waliopanda gari moja.

Utaona mwandiko huu si ule unaoujua. Barua zangu huandikwa na mjukuu wetu, mimi nasema, yeye anaandika na kunipunguzia matusi. Hii naiandika mwenyewe, leo siku ya nne, kwa penseli ili niweze kufuta. Darasa nililoishia unalijua, siku nilipotolewa shule wewe ulikuwa mgongoni kwa mama unalia. Herufi zangu zimelala kama mbuzi wagonjwa. Vumilia. Kuna jambo ambalo haliwezi kupita mkononi mwa mtoto.

Kwanza nikueleze mahali penyewe, mgahawa huu wa mjukuu wetu, maana hujakanyaga kwa kiburi chako. Zamani lilikuwa duka la kutengeneza saa. Fundi saa mwenyewe amestaafu, anakaa ghorofani, na kila asubuhi anashuka kula. Pana meza sita, mbili zinacheza, tumezikunjia karatasi chini ya miguu. Dirisha ni moja, kubwa, linatazama jua linakotoka. Jiko limetengwa na meza kwa kaunta tu, kwa hiyo mvuke wa sufuria yangu unatoka polepole na kwenda kukaa kwenye kioo. Basi watu wanaopita barabarani hawana nyuso, wana rangi tu. Anapita mtu mwekundu. Anasimama mtu wa bluu. Halafu mlango unafunguka na yule wa bluu anageuka kuwa karani wa posta mwenye njaa. Mimi si mtu wa kukaa na kutazamatazama, unanijua, lakini tangu nianze kazi hapa asubuhi zinanipitia hivyo, kama mtu hajaamka sawasawa.

Mimi ndiye wa mayai. Bila shaka hujasahau sahani ile ya kule nyumba ya wageni, tulipokuwa wasichana wa aproni. Mkate wa mviringo uliopasuliwa katikati na kuchomwa, kipande cha nyama juu yake, kisha yai lililopikwa majini bila ganda, kisha ile sosi ya viini na siagi na limau. Wageni walikuwa na jina lao refu la kusemea puani. Sisi tuliita yai uchi na shuka lake. Yai langu, shuka lako. Mimi nikigusa sosi inakuwa uji, na wewe ukivunja yai majini linatawanyika kama gauni kuukuu. Lakini tukisimama pamoja, wewe kushoto mimi kulia, sahani ilikuwa inatoka nzima.

Mkono wangu haujabadilika. Maji hayatakiwi kuchemka, yanatakiwa kutabasamu. Natia siki kidogo. Yai nalivunja kwanza kwenye kichujio, ute mwepesi uchuruzike wote, ndipo nayazungusha maji kwa kijiko na kulitelezesha katikati. Linazama, linapotea, halafu linarudi limejifunga lenyewe kwa weupe wake, kama mtu anayejivuta nguo usingizini. Dakika tatu. Katika dakika hizo tatu, mdogo wangu, mimi siko hapa. Juzi nilijikuta nina miaka kumi na tatu, tunakunja mashuka ya mama uani. Wewe umeshika ncha mbili, mimi mbili. Tunakaribiana, tunaachana, tunakaribiana, tunaachana, na shuka halipungui. Jua limekaa palepale. Nikirudi, yai liko tayari, nalitoa, na mtoto ananiuliza Bibi ulikuwa unacheka nini.

Mjukuu wetu hana subira na kitu kimoja. Ana ubao mweusi ukutani na chaki sikioni kama seremala. Alianza kwa kuuondoa mkate, akaliwekea yai kitanda cha viazi vilivyokunwa na kukaangwa mpaka vikashika ukoko. Nikamwambia yai si mgonjwa, halihitaji kubadilishiwa kitanda kila wiki. Akacheka, wiki iliyofuata akaja na mchicha. Kisha uyoga na kitunguu saumu, huo karani wa posta anaula amefumba macho, mpaka siku moja alichovya tai yake kwenye kiini. Kuna sahani ya malenge ya kuchoma ambayo fundi saa anasema ni kama kula jua linapozama, mzee mzima na ndevu zake anasema hivyo mbele za watu. Kuna ya samaki wa moshi. Kuna ya bitiruti, inalitia yai rangi ya waridi, hiyo niliikataa siku mbili nikisema yai limepakwa rangi ya mdomo, siku ya tatu nikala mbili.

Na kila sahani ina cha kumwagiwa juu. Parachichi lililopondwa. Mtindi na majani ya vitunguu. Nyanya zilizochomwa zikasagwa. Siku moja karanga, hizo tusizizungumze. Watu wanasifu, wanasema binti ana kichwa cha kubuni. Mimi nakaa kwenye stuli yangu na kuona wasichokiona. Yule mtoto anafanya kama mtu anayeizunguka nyumba ambayo mlango umefungwa. Anajaribu dirisha hili, anajaribu lile, anapanda hata paa. Mlango ni sosi. Akiipiga inakatika, siagi inaogelea huku, viini vimeganda kule kama mchanga. Vyakula vyote vile vizuri ni njia za kuizunguka sosi moja, na sosi ile iko mkononi mwako. Ndiyo maana alikuandikia.

Jibu lako lilifika Jumapili. Alilisoma amesimama, akalitia mfukoni, akaendelea na kazi. Fundi saa akashuka, akasema leo haitaki hii ya malenge wala ile ya moshi, ana hamu na ile yenyewe, ile iliyoandikwa mstari wa juu kabisa ubaoni. Mtoto akajaribu. Bakuli la kwanza likakatika, la pili likakatika. La tatu nilimwona anavyolipiga, ameuma mdomo, mchapo wa kupigia mayai unakwenda taratibu, na nikaanza kuamini, kisha likakatika mbele ya macho yetu. Akauweka mchapo chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Akaenda ubaoni akaufuta mstari wa juu kwa kiganja. Akasema, Bibi, tusijidanganye, ni mkosi wa ukoo, Bibi Mdogo anao na mimi nimeurithi, wenzangu wanarithi pua. Akacheka. Kicheko kile nakijua. Ni chako. Ndicho ulichocheka siku ile ukitia viatu vyako kikapuni.

Nikageukia sufuria nikavunja yai, na nikaenda zangu kama kawaida. Safari hii sikuona uani wala mashuka. Niliona jiko la nyumba ya wageni, na wewe umenipa mgongo, umesimama kushoto, kijana, kitambaa cha manjano kichwani. Unapiga sosi. Nasikia mchapo ukigonga bakuli, tak, tak, tak. Nikachungulia begani kwako na bakuli lilikuwa tupu. Nikakuita. Hukugeuka. Ulikuwa unapiga bakuli tupu, kwa bidii ileile, na nikajua umekuwa ukilipiga hivyo miaka yote. Nilipozinduka maji yalikuwa yanatokota na yai limetawanyika sufuria nzima. La kwanza kuniharibikia tangu nijue kazi hii. Mtoto akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni uzee. Uongo mwingine juu ya ule wa zamani.

Sasa kaa chini. Kama paka yuko mapajani mwondoe.

Asubuhi ile ya harusi, wageni arobaini, uliliacha bakuli lako upande wa jiko wenye vuguvugu ukaenda stoo kutafuta limau. Ulilifunika kitambaa. Uliniambia, Dada, niangalizie. Dakika chache kabla ya hapo msimamizi wa jiko alikuwa amepita, akatia kidole kwenye sosi yako, akasema mbele ya jiko zima kwamba yai hata mwehu anaweza kulichemsha, ila mkono kama wako hauzaliwi mara mbili. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimesimama pale tangu alfajiri nikitoa yai baada ya yai, hakuna hata moja lililopasuka.

Ulipotoka nililisogeza bakuli. Shibiri moja, kwa kiwiko, kuelekea upande wa moto mkali. Usinisaidie kwa kusema ni shetani, shetani anasingiziwa mengi. Ni mimi. Nilitaka iharibike kidogo tu, uaibike kidogo, urudi kwenye kimo changu. Niliposikia viatu vyako nikalirudisha pale pale ulipoliacha.

Ulipofunua, ilikuwa imekatika. Ukapiga nyingine haraka haraka, nayo ikakatika kwa hofu, maana hata sosi inajua mtu anayeogopa. Bwana harusi akaletewa yai uchi. Kabla ya mchana ulikuwa umefukuzwa. Mimi ndiye niliyekufungia kikapu. Mimi ndiye niliyekusindikiza mpaka kona. Ukanishika bega ukasema, Dada, mkono wangu umekufa. Na mimi nikakwambia pole. Neno hilo moja nimelitafuna miaka arobaini na moja na halijalainika.

Nilidhani utapata jiko lingine baada ya mwezi. Ukaenda kushona vifungo. Kwenye harusi ya mwanangu ulikaa kona ukamenya vitunguu kutwa nzima bila kuusogelea moto, watu wakakusifu kwa unyenyekevu, na mimi nikapita mbele yako mara saba na sinia na sikusema kitu. Mwaka wa kwanza nilishindwa kusema kwa aibu. Wa kumi nilishindwa kwa sababu ya ule wa kwanza. Baadaye nikajiambia mambo yamekwisha, wazee tumekuwa, nani anakumbuka bakuli. Kumbe lilikuwa linaendelea kupikwa, na sasa mtoto wa mtoto wangu amelionja.

Mkono wako haujafa hata siku moja. Mwenye mkosi alikuwa amesimama kulia kwako.

Siombi msamaha kwa penseli. Penseli inafutika. Ukitaka kunitukana utanitukana uso kwa uso, na nitatoa pamba masikioni nikusikie vizuri. Mtoto nitamweleza mwenyewe kesho, kwa kinywa changu, kabla hatujafungua mlango, asije akaamini damu yake mbovu hata siku moja zaidi. Akininyima stuli yangu, nitapika nimesimama.

Nisalimie jirani yako, yule muuza nyuzi. Fundi saa anakusalimu ingawa hakujui, nimemsimulia kitambaa chako cha manjano na tangu hapo ananyoa ndevu. Paka mpelekee salamu pia, na umwachie mtu wa kumlisha.

Mimi dada yako, wa kulia.

Jumamosi panda basi la kwanza. Njoo na aproni yako, za hapa ni fupi. Ukifika usinisalimie na usimsikilize mtu. Vua koti, nawa mikono, simama kushoto. Bakuli utalikuta palipo vuguvugu, limau limeshakatwa, hutakwenda stoo. Na mimi, mpaka sosi yako ishike, nitaiweka mikono yangu juu ya kaunta mahali unapoiona. Piga.