Msumari Namba Kumi na Tisa

Bergen, Norwei

Mdogo wangu Kabula,

Shikamoo yako ya Jumapili niliisikia vizuri, nikashindwa kuiitikia. Ukaita, "Kaka? Kaka, upo?" ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimeshika simu tu. Goti lako linaendeleaje? Na paa, mafundi wamelimaliza kabla ya mvua? Mimi sina jipya la kutia moyo. Ini limekwisha, daktari anahesabu wiki. Muuguzi ananilisha uji kwa kijiko na kunisifu nikimeza. Nataka niandike haya kabla mkono haujalegea kabisa.

Unakumbuka nilipokuja kwenye kiwanda cha minofu ya sangara ulikokuwa ukifanya kazi, kufanya utafiti wa shahada yangu ya uzamivu. Saikolojia ya kazini, niliwaambia: tunachunguza kwa nini watu hutenda kazini mambo ambayo nyumbani wasingeyatenda. Nilitaka kujua kwa nini akina mama wa visu walikatwa vidole na kunyamaza. Wiki nzima walinijibu, "Hapa tuko salama, mwalimu." Ndipo nikakutumia wewe.

Mlikuwa kwenye benchi la kubadilishia nguo. Mama Kulwa, rafiki yako wa meza moja, akauliza, "Na huyu msomi wako akituuza?"

Ukacheka. "Huyu? Huyu mpaka leo anaogopa jogoo. Atamuuza nani?"

Wakacheka wote, wakajaza fomu. Waliandika kwamba msimamizi anawafunga vidonda kwa mfuko wa nailoni na kuwarudisha mezani, na kwamba anayekwenda zahanati hana kazi akirudi. Niliwaahidi hakuna jina litakaloandikwa, na halikuandikwa. Lakini kwenye pembe ya kila fomu niliweka namba ya msumari anaotundikia aproni yake, ili mwaka unaofuata niweze kulinganisha majibu ya mtu yuleyule. Chuoni tulifundishwa hivyo. Sikufikiri kwamba pale kiwandani kila mtu alijua msumari wa kila mtu.

Hapana. Nilifikiri.

Meneja aliniita. "Majina sihitaji, Mwalimu. Nisomee tu namba za wanaolalamika." Bila barua yake ya ruhusa nisingerudi kwa awamu ya pili, na shahada ingekufa. Nikamsomea. Nilipofika namba kumi na tisa, yako, nikairuka.

Wiki iliyofuata wanawake kumi na mmoja walikuta aproni zao zimetupwa sakafuni, kazi imekwisha. Yako ilikuwa mahali pake. Unajua walivyohitimisha, kwamba wewe ndiye uliyewauza; ningekuwa wao ningehitimisha vivyo hivyo. Wewe uliniambia Mungu amekuona.

Alipofariki mumeo, hakuna mwanamke wa mtaa wenu Buswelu, mlikokaa na wenzako wa kiwandani, aliyekuja kuwasha jiko. Wewe mjane, uliyepaswa kukaa mkekani ukililiwa, ulishika mwiko ukawasongea ugali waombolezaji wachache wa ukoo. Mama Kulwa akapita barabarani akasema kwa sauti, "Mwacheni ajipikie. Amezoea kula peke yake." Ulinisimulia kwenye simu ukilia, nami nikakuuliza: alisimama wapi? Nani alicheka kwanza? Ulidhani nakufariji. Nilikuwa naandika.

Maneno hayo ya Mama Kulwa niliyachapisha neno kwa neno, wewe nikakuita "mfanyakazi K." Makala hiyo ndiyo iliyonipa kazi huku. Nimeifundisha miaka yote: jinsi kikundi kinavyomtafuta msaliti na kumwadhibu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Na huyo K., mtafiti alimsaidiaje?" Nikamjibu kwamba mtafiti haruhusiwi kuingilia. Darasa zima likaandika.

Ningeweza kumpigia Mama Kulwa mwaka wowote. Nimengoja mpaka niwe mahali ambapo mate yake hayatanifikia.

Fomu zote nimezitia humu. Yako ndiyo kali kuliko zote, nayo iko kwa mwandiko wako, wataijua. Zipeleke kwenye chama cha kuzikana cha mtaa, kile walikokutoa, usome na barua hii mbele yao. Fanya hivyo kabla kifo changu hakijatangazwa. Wakijua nimekufa watanionea huruma, nami sitaki wakusikilize kwa huruma. Sikuombi msamaha, ungeutoa upesi, kama ulivyonidhamini pale kwenye benchi.

Msalimie binti yako Nshoma, muuguzi wa Misungwi, aliyeolewa bila kigelegele cha jirani hata mmoja kwa sababu yangu. Msalimie shemeji yako wa Magu anayekuletea mchele. Mwambie yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi ya kaka. Na Mama Kulwa mwambie msumari wake ulikuwa namba saba. Niliusoma wa kwanza.

Ukishaisoma barua hii, Jumapili itakayofuata piga simu kama kawaida. Nikiwa bado nipo, nitapokea. Ila usiniamkie.

Mimi kaka yako,
Masanja