Hakuna Tatizo, Mwalimu

Guangzhou, Alhamisi jioni.

Kuta zinatoa jasho. Ndiyo majira yake: hewa imelowa, sakafu inateleza, na nguo nilizofua Jumapili bado zinanuka ubichi kwenye kamba ya roshani. Siku nyingine ningenuna. Leo sinuni. Nimekaa na chai yangu ya tangawizi na nina furaha ambayo sijaizoea, ndiyo maana naandika kabla haijapoa.

Hapa chuoni kila mwanafunzi ana mshauri wake, na mshauri si mtu wa mchezo. Anajua kama umehudhuria, kama unaumwa, kama chumba chako kichafu, na kila mwaka ndiye anayeiambia kamati kama unastahili kuendelea na ufadhili. Sisi Waafrika tumelalamika sana kwamba tunaitwa ofisini tukikosea tu. Basi safari hii wakubwa wakaamua washauri wafundishwe kuhusu haki na rangi ya mtu. Kwa kuwa mie namalizia uzamivu, na Kichina changu hakichechemei sana, nikaombwa niwe mkufunzi.

Ombi lenyewe lilikuwa nivae kanga na nipike pilau.

Nilichemka. Nikajibu kwa adabu, adabu ya Kitanga ile yenye miiba ndani, kwamba kanga nitavaa kwa sababu nazipenda, pilau watakula siku ya harusi yangu inshallah, lakini siku ya mafunzo tutazungumza habari ya rangi. Wakakubali. Nadhani waliogopa kunikatalia.

Aliyenitia ukali ule ni Neema. Yuko mwaka wa pili, anasoma famasia, kwao ni Kasulu, na baba yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili alitoka ibadani akaja moja kwa moja chumbani kwangu. Shikamoo dada, marahaba, masomo mazuri, nyumbani kuzuri, afya nzuri. Akanikatia vitunguu, tukala, akaosha vyombo huku nikimkataza. Ameshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa, ndipo akasema, "Ila dada, kuna jambo dogo."

Jambo dogo lenyewe ni kwamba kamati ingekaa leo Alhamisi, na huenda angefutiwa ufadhili na kurudishwa kwao.

Nikamvua viatu mwenyewe.

Kumbe maabarani wanafunzi huchaguana wenyewe kwa makundi, na hakuna anayemchagua yeye. Akikaa, benchi linahama. Kuna mmoja alifuta kiti alichokuwa amekikalia Neema, akakifuta kwa karatasi mbili, Neema akiwa bado amesimama pale pale. Mwalimu wa maabara akamwambia asimame ukutani atazame wenzake wanavyofanya. Akatazama, akatazama, mwisho akaacha kwenda. Mshauri wake, Mwalimu Lin, akamwita na kumuuliza kama ana tatizo. Neema akainamisha macho kama alivyolelewa, akasema hakuna tatizo, mwalimu, nashukuru. Mwalimu Lin akaandika kwamba msichana hana juhudi na hasemi kweli.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanishangaa. Ati ningeanzaje, dada, kumlalamikia mkubwa na hata hatujasalimiana?

Akaniomba nisimtaje kwa yeyote. Nikaahidi, na ahadi ile ilinilemea siku zote hizi.

Mafunzo yalikuwa Jumanne. Washauri wamejaa ukumbi, madaftari wazi, nyuso hazisemi kitu. Nilieleza yanayotupata: kwenye treni ukikaa jirani anainuka, wenye nyumba wanasema vyumba vimejaa, mlinzi wa geti anakukagua wewe peke yako. Wakaandika. Mshauri mmoja mwanamume, mpole tu, akasema yeye haoni rangi, kwake wanafunzi wote sawa. Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alimwita mwanafunzi Mwafrika ofisini kumpa habari njema. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, nampa heshima yake, kisha akasema hakumbuki.

Halafu nikaomba mtu mmoja aje aniulize maswali kama mwanafunzi wake. Nani kanyanyuka? Mwalimu Lin. Ni mwanamke mwembamba wa umri wa shangazi yangu mdogo, miwani, sauti ya chini. Akauliza kama nina tatizo lolote. Nikainamisha macho, nikasema hakuna tatizo, mwalimu, nashukuru. Akaandika, akageuka kwenda kukaa.

Nikamwambia asikae kwanza. Likizo huwa nawasindikiza wafanyabiashara wa Dar kule Zhanxi, nawatafsiria kwenye maduka ya jumla ya nguo na viatu, na kuna kitu nimekiona.

"Hakuna hata mmoja wenu anayekubali bei ya kwanza pale Zhanxi," nikasema. "Kwa nini hapa mnakubali jibu la kwanza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Lin hakucheka.

Nikawaeleza kwamba kwetu "nzuri" ni salamu, bado si habari. Hata mwenye msiba ukimsalimia atakujibu salama kwanza, kisha ndipo "ila" ije, na ile "ila" haiji kwa mtu aliyekwisha shika kalamu. Macho ya chini ni heshima, msiyasome kama uongo. Wakafurahi sana, wakaandika haraka haraka, nikaona wanataka tuishie hapo kwenye mambo matamu ya mila. Nikasema hapana. Salamu zinaeleza kwa nini mwanafunzi hakusema. Hazielezi kwa nini hakuna anayetaka kukaa naye. Hilo ni rangi yake, na aliyemfanyia hivyo ni mwanafunzi wenu pia, na yeye ana mshauri.

Hapo hakuna aliyecheka. Nikadhani nimeharibu.

Lakini baadaye Mwalimu Lin alinikuta kwenye lifti. Hakunitazama. Akasema kuna msichana ambaye alimuuliza mara moja tu. Nilikuwa sijataja jina, na sikulitaja.

Jana alasiri Neema akanipigia, anaongea kama maji ya bomba lililopasuka. Mwalimu Lin kamwita, akaogopa, akaenda. Akakuta mezani hakuna karatasi, kuna sinia la chai na vikombe kama vya watoto kuchezea. Kumbe Mwalimu Lin ni mtu wa Chaozhou, na kwao mgeni haulizwi neno zito mpaka chai izunguke na kuzunguka tena. Alikuwa anamwaga, anasuuza, anajaza. Anauliza mvua za Kasulu zinaanza lini. Baba anafundisha somo gani. Mama yuko vipi. Kisha akaacha kuuliza, akaendelea kujaza vikombe bila kugusa kalamu.

Neema akasema, "Ila mwalimu, hakuna anayetaka kukaa na mimi."

Akamweleza yote, na kiti, na karatasi mbili. Mwalimu Lin akavua miwani. Akamwambia neno ambalo Neema alilirudia mara tatu kwenye simu: "Nilichoandika ni kosa langu. Nitalisema mwenyewe mbele ya kamati."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mie huupenda msemo huo kuwatolea wenzangu. Leo nauongezea: na anayeuliza naye awe na stara ya kusikiliza.

Asubuhi ya leo tulikaa mimi na Neema nje ya chumba cha kamati. Yeye midomo inacheza na zaburi yake, mie nasoma Ayatul Kursiyy, Mungu mmoja akisikiliza pande zote mbili. Korido inateleza kwa unyevu, kila anayepita tunamwambia pole pole. Mwalimu Lin aliingia bila kutuangalia, nikaogopa. Tena ndani sauti zilipanda, nikamsikia mwalimu wa maabara akisema wanafunzi hujichagulia wenyewe, yeye afanyeje. Halafu sauti ya chini ya Mwalimu Lin ikasema maneno marefu, na hakuna aliyeikatiza.

Ufadhili unaendelea. Neema atarudia mazoezi aliyokosa, na kuanzia wiki ijayo mwalimu ndiye atakayepanga makundi. Neema alinikumbatia hadi kilemba kikanivuka. Halafu akakimbia kumpigia baba yake, na nilimsikia akianza: shikamoo baba, huku hatujambo, nyumbani je. Nikacheka peke yangu. Mzee wa watu alisubiri salamu zote ziishe ndipo apewe furaha yake.

Si kwamba dunia imenyooka. Aliyefuta kiti bado hajaitwa. Yule mwalimu wa maabara alitoka amekunja uso, na Mwalimu Lin anataka awemo kwenye mafunzo yajayo, sijui kama atakuja. Lakini mshauri mmoja amejua kuuliza, na ana wanafunzi wengi.

Kuna jambo lilinipata wakati naondoka.

Mwalimu Lin alinifuata kwenye lifti ile ile. Akaniuliza na mimi je, nina tatizo lolote. Nikasema hakuna tatizo, mwalimu, nashukuru. Ilinitoka yenyewe, kama kupiga chafya.

Lifti ikaja, ikafunguka. Hakuingia. Akaniuliza habari za mama yangu. Nikasema mzima, miguu tu. Akauliza habari za Tanga, kama ni mji wa bahari kama kwao. Nikasema ndiyo. Lifti ikajifunga, ikaenda zake, naye kasimama tu na mwavuli wake mkononi.

"Ila," nikasema, na maneno yakaanza kunitoka.

Nimechoka. Miaka yote hii watu wananyanyuka kwenye treni nikikaa, nami nampigia mama nasema nzuri. Nimewafundisha watu ukumbi mzima, na mie mwenyewe sijawahi kumwambia mtu.

Sikuyamaliza pale. Nililia kidogo, akanipa karatasi za kufutia, na nikapangiwa chai kesho alasiri. Nitavaa kanga, hata kama ni mbichi. Nitauliza kwanza habari za Chaozhou, nimwache anijazie kile kikombe cha mtoto mpaka atosheke. Kisha nitasema yote, bila mkono kwenye kitasa.