Machine Tatu na Prise Moja

Goma, Majengo, tarehe 14 novembre

Dada Uwamariya, rafiki yangu,

Nakusalimia kwa heshima na kwa hamu nyingi. Ukiwa muzima huko Bukavu, Mungu asifiwe. Ukiwa na kile kikohozi chako cha wakati wa mvua, kunywa tangawizi na usijifanye jasiri. Mama yako mudogo, goti lake limepoa? Huku kwetu wote tuko wazima. Mama yangu anauliza nani anakusuka nywele sasa, maana anasema huko hakuna mutu anayejua kichwa chako. Barua hii nimempa kaka yangu Aruna, anakuja na boti. Ningekuandikia kwa simu, lakini niliogopa kuona umesoma halafu unanyamaza. Karatasi hainionyeshi kitu.

Habari kubwa ndiyo hii: liste yetu ya watoaji damu iko hai. Unakumbuka ilivyokuwa, majina mia nne na kitu, kila mutu na groupe yake ya damu, yote ndani ya ile machine kuukuu, kompyuta yangu ya chini ya meza. Wewe pale maternité, kwenye wodi ya wazazi, ulikuwa unaandika groupe tu kwenye simu, na wenye damu hiyo wanapata ujumbe, wanakimbia. Ila betri ya ile machine ilikufa zamani, courant, umeme, ikienda na liste inaenda. Sasa nimeihamisha. Programu nimeifunga ndani ya conteneur, yaani furushi lenye kila kitu inachohitaji, sawa mutu anayehama na sufuria zake, nikaiweka kwenye machine tatu za kukodi huko Afrika ya Kusini. Moja ikianguka, mbili zinachukua kazi yake, na wenyewe kule ndio wanazilinda. Mimi sijawahi kuziona. Yote niliyafanya kwa kuandika commande, yaani amri, kwenye dirisha jeusi la machine yangu, mustari kwa mustari, bila hata kifungo kimoja cha kubonyeza. Mimi huyu, niliyekuwa ninakopa majibu yako ya hesabu!

Lakini ngoja ucheke. Siku ya mardi asubuhi niliandika commande ya kuunda lile kundi la machine: jina lake, mahali pake, idadi tatu. Ikaniambia ningoje. Dakika sita tu, courant ikakatika, na modem, na kila kitu. Mimi mutoto wa Goma, nikajua basi, kazi imekufa. Nilitukana mpaka mama akaniambia nimuombe Mungu musamaha. Saa nane courant ikarudi, nikaanza upya kwa jina lingine. Ilipomaliza nikaomba nionyeshwe makundi yangu, nikaona mawili! La kwanza lilikuwa limekamilika tangu asubuhi, wakati mimi ningali natukana. Kumbe commande ikishafika kule, kazi inaendelea huko huko, haiulizi kama Majengo kuna courant. Nikafuta la pili. Nikauliza machine za lile la kwanza, zikajibu zote tatu kwamba ziko tayari. Uwamariya, nililia. Mama alidhani tumepata musiba.

Sikulia kwa furaha peke yake. Nililia kwa sababu niliona kwamba tangu siku hiyo sitaweza tena kusema ni courant.

Wewe unajua siku ya mwezi wa tatu kuliko mimi. Nyiramahirwe wa Munigi alikuwa amezaa, damu haikatiki, anahitaji O négatif, na wewe unaandika kwenye simu, liste haijibu. Ukanipigia mara saba. Ukapanda pikipiki mpaka Lac Vert kumutafuta Bashige, jina moja tu la O négatif ulilolikumbuka kichwani, na mkarudi baada ya saa mbili. Nyiramahirwe alipona. Mutoto wake, Carlos, sasa anatambaa na anang'ata kila kitu. Ila docteur Buhendwa, mukubwa wenu pale maternité, alikuandikia barua ya onyo: kwa courant ya Goma hii, infirmière gani, muuguzi gani, anaiamini machine bila kuweka nakala ya karatasi? Ukakubali kosa, ukafunga mizigo. Na mimi nilikusindikiza mpaka bandarini, nikakushika mukono, nikailaani courant pamoja na wewe.

Dada, siku ile courant ilikuwako.

Ilikuwako muchana kutwa. Cikuru, yule soudeur wa mbele ya nyumba yetu, alikuwa anaunga geti, cheche zinaruka mpaka barabarani. Mimi niliitoa machine kwenye prise, lile tundu la umeme ukutani, kwa mukono wangu, kwa sababu chumbani ni prise moja tu inayofanya kazi, na nilitaka kupiga pasi kitenge cha harusi ya Ismael. Nikapiga pasi, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo, nikaenda. Machine nikaisahau. Simu ilikuwa ndani ya sakoshi, na muziki unapigwa. Niliporudi nikairudisha kwenye prise, na ulipouliza nikasema courant. Neno lilitoka lenyewe. Huku nani angelibishia?

Nimemwambia docteur yote. Akaniuliza kwa nini nimengoja miezi minane. Nikamwambia ni woga. Barua yako ya onyo ameifuta. Nakala yenye muhuri iko ndani ya bahasha hii. Anasema nafasi yako maternité ni yako ukiitaka.

Halafu akataka aone kwa macho. Siku ya lundi, mbele yake na wauguzi wote, nikaandika commande ya kuzima machine moja kati ya zile tatu. Muuguzi mumoja akaandika O négatif kwenye simu yake. Tulisahau kabisa kuwaonya watu kwamba ni jaribio! Baada ya nusu saa Bashige akaingia mbio toka Lac Vert, mukono wa shati umeshakunjwa, anauliza nani anatoka damu. Docteur akamwambia hakuna. Alikasirika, kisha akacheka, kisha akauliza yule infirmière aliyekuja kumugongea mulango siku ile amekwenda wapi, mbona hamuoni.

Uwamariya, nikamujibu mimi mwenyewe, mbele yao wote, na sikutaja courant.

Usinijibu haraka. Ukasirike kwanza, ni haki yako. Musalimie mama mudogo na watoto wote wa hapo. Mama yangu anasema kitana chako bado anakitunza.

Ni mimi, ambaye bado nakuita rafiki,
Mwasiti