Siku Niliyomlilia Babu Yako Akiwa Hai

Marahaba, mjukuu wangu Atanasi. Sisi huku Songea ni wazima, na mama yako amepona malaria.

Umeuliza kwa nini kitenzi cha Kiingereza "lose" kina maana nyingi. Miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, babu yako alimsindikiza mgeni mnunuzi wa vito Tunduru. Mgeni alirudi peke yake, akaniambia, "I lost him." Shuleni nilifundishwa kwamba aliyefiwa husema hivyo. Nililia mpaka majirani wakajaa uani.

Jioni babu yako akateremka kwenye lori la mchele. Kumbe walipotezana tu stendi ya Nakapanya.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Wewe," nikamjibu, nikamkumbatia mbele za watu.

Neno usilolielewa vizuri, mwanangu, uliza kwanza. Machozi hayaharibiki yakisubiri.

Bibi yako, Skolastika