Picha ya Tumbo la Mjukuu Wako

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukaidi. Sisi hatujambo, na leo neno hilo nalisema kwa dhati. Wiki iliyopita ningekudanganya.

Ni habari za mjukuu wako, Kitumbo. Unajua nilivyojisifu kwamba ananenepa. Kila mwezi nilifumua kiuno cha kaptula zake nikaongeza kitambaa, nikiwatambia wateja wangu. Mke wangu akaniambia nitazame miguu: kaptula hizo hizo zilimpwaya mapajani, na mtoto alikuwa akimaliza wiki bila choo. Nikamjibu kwamba ni mapishi yake. Naona haya kuyaandika.

Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo, akaagiza picha. Nikavishwa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, nimshike mtoto (mshono wa aproni yenyewe ulikuwa wa kulipua). Fundi wa picha, mama mmoja mpole, alimpitishia mrija mwembamba kwa nyuma, akaacha dawa nyeupe iingie taratibu. Alisema bila dawa hiyo utumbo hauonekani vizuri.

Mama, mwili ulinisisimka! Kwenye kioo cha mashine utumbo wa mwanangu ulijichora wenyewe, naye yu hai, amening'ang'ania kidole akilia. Chini ulikuwa mwembamba, halafu ghafla ukatanuka, kama mkono wa gauni uliojaa juu na kubanwa kifundoni. Nimeshona miaka ishirini na sijawahi kuona kazi ya namna ile. Mungu ameshona, na mama yule anausoma mshono bila kuufumua.

Daktari alieleza kwamba kipande kile chembamba kiliumbwa bila mishipa ya fahamu ya kusukuma choo. Mtoto alizaliwa hivyo, chakula hakihusiki. Walipima kinyama kidogo cha utumbo wakahakikisha, na Jumanne wakampasua, wakakitoa, wakaunga palipo pazima. Jana alipata choo, na wodi nzima tulishangilia kama tumefunga bao.

Lakini siku ile ya picha daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuvimba hivyo. Nikamweleza juu ya mdogo wangu, kitinda mimba wako: tumbo lile, miguu ile, na alivyotutoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Akasema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, ila ugonjwa huu huandama ukoo, na dalili ni zile zile.

Bibi na mashangazi walisema ulimlisha vibaya, nawe ukaibeba lawama hiyo. Mimi nilikuwa na miaka minane. Siku ya msiba uliniletea chakula nikasema sina njaa. Nilikuwa na njaa, Mama. Nilikiogopa chakula chako. Nawe ulijua, kwa sababu uliiondoa sahani bila kunisihi.

Mke wangu nimemwomba msamaha, na sasa nakuomba wewe. Hukumuua mwanao. Nakala ya picha imo humu. Iinue dirishani uione mwenyewe.

Mke wangu anakusalimu sana, na Kitumbo anakushika mikono. Kidonda kikipona tutakuja. Usimwachie mtu jiko siku hiyo, upike wewe. Nitakuja na njaa.

Mwanao,
Fundi