Sauti ya Kwanza na Beberu wa Mwandiga

Mwalimu,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, mwanaume wako pekee kwenye kwaya wa sauti ya kwanza, ile ya juu ya kina mama. Bado nina hasira na wewe, ingawa sijapita hata mara moja karibu na kaburi lako bila kusimama.

Unakumbuka posa ya Mwandiga, kwa kina Adela? Nilikuomba uje uniombee mke, wewe ukatoa mhadhara. Ulitaka kunisifu. Ukawaambia wazee kwamba zamani huko Ulaya wanawake walikatazwa kuimba kanisani, hivyo wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa ili sauti isije ikawa nzito. Wachache wakaimba mbele ya wafalme wakatajirika. Wengi wakaishia kuchekwa mitaani. Ukamalizia, "Huyu wetu kajaliwa hivihivi, mzima." Hilo la mzima hakuna aliyelisikia. Baba yake Adela aliweka kikombe chini, akanitazama kama ng'ombe wa mnadani. Posa ikaahirishwa. Ukaniahidi utarudi ukawaeleze vizuri, kisha ukafa. Ndiyo nini sasa, Mwalimu?

Mzee akataka nikapimwe hospitali. Nikakataa, mtu ana heshima yake. Adela akasema, "Waache, nitawajibu mimi." Basi amewajibu, na tumbo sasa halifichiki. Mzee alifoka asubuhi nzima, jioni akaonekana anawanunulia wenzake soda. Faini yangu ni mbuzi. "Awe beberu," alisisitiza, "asije akaniletea aliyehasiwa."

Wazee wa kanisa nao wakanitenga. Siimbi mpaka tufunge ndoa. Wale wa Ulaya walikatwa ili wabaki kwaya, mimi nimetolewa kwaya kwa sababu sikukatwa. Ungecheka mpaka ukohoe.

Jumapili nakaa benchi la nyuma. Wakiimba ule wimbo wako wa Pasaka, pale juu ninapoingia mimi panabaki kimya. Mkono unakwenda mfukoni kutafuta tangawizi, kile kipande ulichokuwa ukinimegea kabla hatujasimama. Hakuna kitu. Hapo nalia, na watu wanadhani najutia dhambi.

Ndoa ni baada ya mavuno. Wakinirudisha, pale juu nitapaimba kwa ajili yako. Pumzika, Mwalimu wangu. Mtoto akiwa wa kiume atachukua jina lako, na akirithi sauti yangu nitamsimulia habari za wale wa Ulaya, maana nao walikuwa watoto wa watu. Ila nitangoja aoe kwanza.